Nimemkaribisha Waziri Nchini Kwake

Wenzangu, leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya mtaa wetu mzima wa Mabanga, hapa Goma. Niacheni nisimulie mwenyewe kabla video haijawafikia.

Waziri alikuja kuzindua bomba letu la maji. Ni mama wa ukoo wa Kiarabu, wa Kasongo kule Maniema, humu humu nchini. Huyu mama nampenda mpaka namwogopa! Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi. Kila alipogombea, watu walimwambia, "Rudi kwenu Uarabuni." Akashindwa mara mbili. Mara ya tatu akapata ubunge, na sasa yuko serikalini. Mtu wa jamii ndogo vile, bila mjomba mkubwa Kinshasa! Akitokea kwenye televisheni, mimi husimama. (Ndiyo, nyumbani kwangu, peke yangu, na kitenge cha kulalia.)

Mimi ni karani wa ofisi ya mtaa. Siku tatu nilimsumbua chefu wetu, mkuu wa ofisi, anipe maneno ya makaribisho. Nilitaka kitu kimoja tu: huyu mama ajue kwamba hapa anaheshimiwa.

Magari yakafika. Akashuka, akawasalimia wauza ndizi kwanza, sisi wa ofisi baadaye. Mungu wangu! Machozi yakanilenga, na hotuba yote ikanitoka kichwani. Ulimi ukakimbilia ulikozoea. Na kazi yangu ya kila juma ni kupokea wazungu wa mashirika.

Nikashika mikrofoni. "Excellence, karibu sana Congo! Jisikie nyumbani. Watu wa hapa ni wazuri."

Chefu akafumba macho. (Mimi bado natabasamu, nangoja makofi.)

Waziri akanitazama kwa upole. "Asante, mama. Babu ya babu yangu alizikwaka Kasongo. Na weye, ulifikaka Goma mwaka gani?"

Hapo ndipo nikaelewa nilichosema.

"Mwaka yenye ilipita, Excellence. Nilitoka Bukavu."

"Ah! Kumbe weye njo mugeni. Karibu, mutoto yangu!"

Watu wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Yeye akanikumbatia, akaninong'oneza, "Hiyo karibu wananipatiaka tangu miaka makumi mbili. Ya leo njo ya kwanza yenye kutoka na mapendo."

Nikalia kama mtoto, mikrofoni bado inafanya kazi.

Tafadhali, asicheke mtu. Chefu ameshasema mgeni ajaye nimkaribishe kwa mkono, mdomo niuache ofisini.