Meza ya Vipawa

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kutoka semina ya kufundisha watoto wenye vipawa. Siku tatu za watu! Mtu kulia, mtu kushoto, sahani zinagongana. Jamaa mmoja alinishikia kiti kila asubuhi. Hapa nyumbani viti vyote ni vyangu. Mke wangu yuko kwa binti yetu, analea mjukuu. Aliaga kwa wiki mbili. Mjukuu sasa anakimbia.

Kitambulisho cha semina bado kiko shingoni. Nimepika nacho.

Mwalimu Mkuu alinipa nafasi mwishoni mwa kikao niwaeleze wenzangu niliyojifunza. Nilipofungua mdomo, walishashika mikoba. Aliyebaki ni mwalimu wa darasa la jirani. Tunamwita Mwalimu Tai. Si ndege, ni ile ya shingoni, haivui hata kwenye joto. Akaniomba kabrasha la semina akalisome. Nikampa. Kusoma ataweza, kuelewa ndiyo kazi.

Habari kubwa: mwezeshaji wa semina anakuja Jumatatu ijayo kuona mafunzo yamebadilisha nini darasani. Atachagua mwalimu mmoja hapa shuleni aende semina ya pili. Wiki mbili! Bweni! Bwalo la chakula! Lazima niwe mimi.

Jumanne, 4 Machi
Leo nimesaka vipawa. Semina ilisema mtoto mwenye kipawa huenda akachoka haraka, akachungulia dirishani, akabishana, akasahau kazi ya nyumbani. Nikatazama darasa. Kwa kipimo hicho wote ni vipaji tupu.

Nikatumia kipimo changu: sare safi, mwandiko mzuri, sauti inayofika nyuma. Nimepata sita. Nimewaunganishia madawati mbele na kuweka kibao: MEZA YA VIPAWA. Mtoto mmoja akauliza waliobaki ni nani. Nikasema ni washangiliaji.

Hapo akasimama Bi Mkubwa. Ni kasichana kadogo kuliko wote darasani, ila kanaongea kama mama mkwe, ndiyo maana ya jina. Akataka kujua nimejuaje nani ana kipawa na nani hana, na sijamuuliza mtu swali lolote. Nimemhamishia nyuma kabisa, karibu na kabati bovu.

Jumatano, 5 Machi
Semina ilisisitiza maswali yasiyo na jibu moja. Nimetunga moja zuri: maji ya tangi la shule hayatoshi, tufanyeje? Kisha nikatunga na majibu sita, kila mmoja wa mezani akariri lake. Mazoezi kutwa nzima. Kijana ninayemtegemea, Nadhifu, akakariri jibu la mwenzake kwa ufasaha mkubwa. Mwenzake akalia.

Sauti kutoka kule kwenye kabati bovu: majibu yote yanadhani tangi hujaa asubuhi, je, kuna aliyewahi kupanda akachungulia? Nikamwambia Bi Mkubwa kwamba swali liko wazi, lakini si kwa kila mtu.

Jioni nimepiga simu. Binti akasema mama anamwogesha mtoto, atanipigia. Nimeiweka simu mezani niione.

Ijumaa, 7 Machi
Simu bado haijalia. Nimehakikisha sauti haikuzimwa. Haikuzimwa.

Kelele za jirani leo hazikuvumilika! Mwalimu Tai katoa darasa lake zima nje. Wanapima tangi kwa kamba, wanagombana, wanafuta, wanapima tena. Swali la tangi! Swali langu! Nani kampelekea sijui, kuta zetu ni nyembamba. Na hana Meza ya Vipawa. Anawaacha wajipange wenyewe, anayetaka kazi ngumu anaichukua. Hovyo kabisa.

Nikaenda kushtaki kwa Mwalimu Mkuu. Akatoka kwa hasira kwenda kuwatuliza. Hakurudi hadi kengele. Alirudi viatu vimelowa, anacheka.

Baada ya masomo wote wakaondoka isipokuwa Bi Mkubwa. Akasema ndoo ya kwao imetoboka, maji huruka mbali mwanzoni, halafu yanachoka. Kwa nini? Nilikuwa nimechoka pia, neno likanitoka: sijui. Akavuta kiti. Kile cha pili mezani pangu, kisichokaliwa na mtu! Tukatoboa chupa ya plastiki matundu matatu, juu, katikati, chini, tukaijaza. Nilibashiri tundu la juu litarusha mbali zaidi. Yeye akasema la chini, kwa sababu limebeba maji yote mgongoni. La chini lilinirushia hadi kwenye shati. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Nimefika nyumbani giza linaingia, mikono ya shati imelowa, napiga mluzi.

Kisha nikashtuka. Alasiri nzima imepotea bure! Nadhifu hajarudia jibu lake hata mara moja. Huyu mtoto ataniponza.

Jumatatu, 10 Machi
Mwezeshaji kafika. Nilimkimbilia getini na kitambulisho changu shingoni. Akafurahi sana kuniona, akaniita kwa jina la yule jamaa aliyenishikia kiti. Sikumsahihisha. Jina lenyewe si baya.

Darasani, Nadhifu alijibu swali kabla sijaliuliza. Wengine watano wakafuata kama cherehani. Washangiliaji wakapiga makofi. Mambo yanakwenda! Mwezeshaji akauliza kama kuna mwenye wazo tofauti. Hilo halikuwa kwenye mazoezi. Meza ya Vipawa ikatazama dari.

Nyuma, mkono mdogo ukanyooka. Nikamtuma Bi Mkubwa haraka stoo akaniletee chaki. Mwezeshaji akatazama boksi la chaki juu ya meza yangu. Lilikuwa limejaa. Akatazama mlango aliotokea mtoto. Akaniuliza kwa upole yule binti alitaka kusema nini. Nikasema huwa anaumwa tumbo.

Akaniaga, akaingia kwa Mwalimu Tai. Alikaa huko hadi mapumziko. Ukuta mwembamba, nilisikia kila kicheko.

Jumatano, 12 Machi
Ni Mwalimu Tai! Bwalo lote, bweni lote, Mwalimu Tai! Na uungwana wake unaudhi: kaniomba niwe nampitia jioni tusome kabrasha pamoja, eti mimi nilitangulia, na mke wake angefurahi kupika kwa ajili ya mgeni. Nimemwambia jioni zangu zimejaa.

La pili ni baya zaidi. Mwalimu Mkuu kaniita. Alitaka kumhamishia Bi Mkubwa kwa jirani, mtoto kakataa. Kwa nini? Kamweleza Mwalimu Mkuu kwamba mwalimu wake asipojua kitu husema hajui, halafu wanakaa kukitafuta wote wawili. Mwalimu Mkuu alitabasamu akinisimulia. Nimefedheheka! Mtoto anatangaza ofisini kwamba sijui!

Lakini sikati tamaa. Kwenye ubao wa matangazo kuna semina mpya: walimu wa kwaya. Siku nne, malazi na chakula. Sina sauti, lakini sauti ni mazoezi tu. Mwezi mmoja unanitosha. Nitaunda kwaya ya watoto sita wenye sare safi.

Masomo yalipoisha Bi Mkubwa akabaki. Amegundua kwamba ukiongea ndani ya tangi tupu, sauti inakurudia, inakuwa kama mko wawili. Akauliza inatoka wapi, twende tukajaribu. Nimemwambia nina kazi, aende nyumbani. Akasimama kidogo mlangoni, kisha akaenda.

Nimefunga mlango. Darasa tupu, kimya safi, hakuna wa kunisumbua. Nimesimama mbele ya madawati na kuanza kuimba.