Taa Nyekundu kwa Jirani

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa kliniki ya moyo kaleta mtaani kisanduku cha kupima moshi na vumbi. Kakitundika wapi? Kwa fundi cherehani! Mimi seremala, jirani yake ukuta kwa ukuta, ninayekula vumbi la mbao kila siku, nimerukwa kama dimbwi. Kisanduku kina taa: kijani hewa safi, nyekundu hewa chafu. Wateja wangu wawili walikwenda kuitazama. Wamerudi wamepimwa suruali.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea nesi nimeshika kifua, nikiugulia. Kanipima presha. Iko sawa. Fedheha!

Akaeleza kuwa hatari kubwa ni chembe zile ndogo zisizoonekana, za moshi na magari: zinapenya mapafu, zinaingia kwenye damu, mishipa inavimba, moyo unaelemewa. Wenye moyo dhaifu ndio hutangulia kuumia. Nilisikiliza nusu. Nusu nyingine nilikuwa namtazama fundi cherehani akimsogezea kiti. Kiti nilichokitengeneza mimi!

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Hewa yake ikionekana chafu, nesi atakihamisha kisanduku, na fundi cherehani ataaibika. Nimewasha moto wa maranda na vipande vya mbao zenye rangi, nyuma ya ua, upepo ukielekea kwake. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikasema nafukuza mbu. Akauliza: mchana?

Taa imekuwa nyekundu! Nesi kaja mbio, kafurahi kupata cha kuandika, kakaa kwa fundi cherehani hadi jioni. Kanywa chai vikombe viwili.

Alhamisi, 6 Machi

Moto mkubwa zaidi. Upepo ukageuka.

Mama mkwe, tunayemuuguza moyo hapa nyumbani, alikuwa ameketi uani akichambua mboga. Ungo ukamponyoka. Akashika kifua.

"Mwanangu, pumzi... pumzi haishuki."

Fundi cherehani akaruka ua, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akambeba mgongoni hadi kliniki. Mimi nilibaki namwagia moto maji, nikimwomba Mungu.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari anasema moshi ndio uliomzidishia, na kwamba tungechelewa kidogo tungezungumza mengine. Nililia koridoni. Kweli nililia. Nikaingia kumwomba mama radhi. Akanishika mkono.

"Yamekwisha, mwanangu. Usiwashe tena. Lakini yule jirani yako, nani alimlea vizuri vile?"

Neno la kwanza nimelipokea. La mwisho limenikaa kooni kama mwiba.

Jumapili, 9 Machi

Mama yuko nyumbani, anapumua vizuri, anagomba kama zamani. Alhamdulillahi.

Nesi kashauri mtaa mzima utembee asubuhi kwa ajili ya moyo, kwenye njia ya nyuma ya shule, yenye miti, mbali na magari. Na kiongozi wa msafara? Fundi cherehani! Kapewa na filimbi. Leo watu wote walimfuata kama vifaranga. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, akicheka.

Kutembea! Kwenye kichochoro asikokuona hata mbuzi! Kesho naanza kukimbia. Barabara kuu, nyuma ya malori, saa ile ya foleni, mji mzima unitazame. Tutaona nani mwenye moyo!