Klachi, Mama Mkwe na Barabara ya Misikhu

Kitale, Jumanne, 1 Mei 1951

Gari limegoma tena. Mbele ya ghala la mahindi, mbele ya makarani wenzangu wote, mbele ya Kimutai! Nilikanyaga klachi, nikasukuma gia, ikapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa. Kimutai ni dereva wa lori la mzungu mmoja mkulima wa mahindi. Alicheka mpaka akavua kofia. Mshenzi.

Mwezi wa tatu huu tangu mke wangu Edah arudi kwao Misikhu. Ati niliuza cherehani yake kununua gari. Ni kweli niliiuza. Lakini cherehani inampeleka mtu wapi? Gari hili ni la kabla ya vita, viti vya ngozi, honi safi kabisa. Mwanamke mwingine angeshukuru.

Jumatano, 2 Mei

Habari kutoka Misikhu, imeletwa na mchukuzi wa magunia. Mama mkwe ni mgonjwa. Homa, kifua, hawezi kutembea. Anatakiwa hospitali Bungoma, na baba mkwe, Mzee Mukhisa, anatafuta gari la kumpeleka.

Mungu anisamehe, niliruka kwa furaha! Nitampeleka mama. Mama atapona. Mzee atasema kumbe mimi Khaemba ni mtu. Edah atafunga mizigo arudi nyumbani. Nimetuma jibu papo hapo: nakuja, na gari langu mwenyewe.

Halafu nikakumbuka klachi.

Alhamisi, 3 Mei

Uchunguzi. Pedali inashuka mpaka sakafuni kama haisukumi kitu. Gia haiingii ila kwa vita. Ikiingia, gari linajiendea hata kama nimekanyaga. Maoni yangu: oili ya gia imeganda kwa baridi ya Kitale. Nikaichanganya na mafuta ya taa. Wapi! Maoni ya pili: springi ya pedali imelegea. Nikaifunga na mpira wa baiskeli. Pedali ikapanda vizuri sana. Gia ikabaki pale pale.

Nikameza kiburi, nikamwita Kimutai. Ati nilale chini ya gari, yeye akanyage pedali, nami nitazame kiungo gani kinatembea na kipi kimelala. Mimi, karani, na shati jeupe! Akalala yeye, nikakanyaga mimi. Akasema fimbo inayotoka kwenye pedali inatembea, lakini mkono wa klachi hausogei. Pini inayoshika hivyo viwili imelika, inacheza tu ndani ya tundu. Akaitoa, akatia msumari mahali pake, akaukunja ncha. Gia ikaingia laini! Akanionya kwamba msumari huo ni wa kunifikisha duka la vipuri tu, bana, nikanunue pini.

Nimewaza sana. Msumari unaoweza kufika dukani utashindwaje kufika Bungoma? Barabara ni barabara.

Misikhu, Ijumaa, 4 Mei

Nimefika kwa honi. Watoto wakakimbia, kuku wakakimbia. Wekoye pia alikuwepo, na ng'ombe wake na mkokoteni wake. Huyu alimtaka Edah kabla yangu, na hajakubali kushindwa. Nikapiga honi tena, kwa ajili yake.

Edah alinisalimu kama anavyosalimia karani wa kodi. Sawa. Kesho ataona.

Shida moja. Kwetu Bukusu mtu na mama mkwe hawatazamani, hawashikani mkono, hawasemezani. Sasa tutakaaje gari moja? Wazee wamelijadili mchana kutwa. Mwisho wakakubaliana blanketi litundikwe katikati, mimi mbele, mama nyuma, Edah akae naye apeleke maneno. Wekoye akasema wangempa yeye mgonjwa asubuhi, saa hii angekuwa amefika. Hakuna aliyemuuliza.

Barabarani, Jumapili, 6 Mei

Naandikia juu ya usukani. Nimelowa.

Jana tuliondoka vizuri. Mama anakohoa nyuma ya blanketi, mimi napiga honi. Kwenye kilima kimoja tope likatukamata, Edah akashuka kusukuma. Tulipotoka tu, klonk! Pedali ikaanguka sakafuni, ikalala. Gari likazima.

Edah akaja mbio. Nikasikia mama akimwambia kwa Kibukusu kwamba amesikia kitu kikigonga chini, na kupitia tundu lililotoboka sakafuni mwa gari ameona msumari umebaki kwenye dimbwi, pale nyuma. Edah akanirudishia maneno yote, ingawa nilikuwa nimeyasikia mwenyewe, mkono mmoja tu kutoka kwangu.

Nikakasirika. Mama mkwe anifundishe gari! Nikamwomba Edah amjibu mama kwa heshima zote kwamba homa humwonyesha mtu mengi. Edah hakumpelekea jibu hilo.

Na hata kama ni kweli, ningefanyaje? Nilale chali chini ya gari, miguu nje, na mama mkwe amekaa juu yangu? Aibu hiyo hulipiwa ng'ombe! Edah akasema mama atashuka, atakaa kando, atageuka. Nikasema mvua inakuja, atalowa. Mvua ikaja kweli.

Nikakaza springi. Nikamwaga oili. Nikafungua mfuniko wa gia, nikatazama kwa makini, nikafunga. Mama akawa anakohoa. Kila akikohoa Edah ananiuliza, bado? Bado.

Jioni Wekoye akatokea na mkokoteni. Ati Mzee Mukhisa alimwambia afuate nyuma pole pole. Kumbe hawakuniamini tangu mwanzo! Wakampakia mama chini ya turubai. Akamwambia Edah neno, Edah akakataa. Mama akarudia. Edah akaniletea viazi vitamu ndani ya jani la ndizi. Mama amesema mkwe wake asilale njaa.

Nikala vyote. Nilikuwa na njaa.

Leo asubuhi nimeenda kunawa kwenye dimbwi. Msumari upo. Ncha imekunjwa. Haina maana yoyote, misumari ni mingi barabarani. Lakini kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nikalala chini nikautia mahali pake. Gari limewaka, gia imeingia. Ni ile springi niliyokaza.

Bungoma, Jumatatu, 7 Mei

Mama mkwe amefariki alfajiri.

Daktari ameuliza kwa nini mgonjwa wa kifua alikaa barabarani kwenye mvua siku nzima. Ameuliza mbele ya watu. Edah yupo, Wekoye yupo. Mimi nimeshika kofia yangu. Angefika Jumamosi mchana, daktari amesema, tungejaribu.

Nimelia. Nimelia kweli, nyuma ya jiko la hospitali, mpaka mpishi akanipa maji. Hakuna mtu aliyenikumbuka kwa chakula tangu Edah aondoke, isipokuwa yule mama ambaye sijawahi kumtazama usoni. Na sasa sitamtazama kamwe.

Nilipojifuta machozi nikajitolea kuurudisha mwili nyumbani kwa gari. Bila malipo! Edah amesema mama atarudi kwa mkokoteni.

Kitale, Ijumaa, 11 Mei

Tumezika jana. Nilisimama mbali, karibu na zizi, kama mgeni. Edah alinijia mwenyewe. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema mama alivunja aibu ya maisha yake yote, akasema nikisikia, ili anisaidie, nami nikamwita mgonjwa wa akili. Alisema nisimfuate tena.

Nikamwambia kosa lilikuwa la springi. Akaondoka.

Halafu Mzee Mukhisa akasema mbele ya ukoo mzima kwamba atanirudishia ng'ombe wote wa mahari. Wote! Waliokufa atawatafutia badala. Kwetu neno hilo ni kuvunja ndoa, ni kaburi la pili, nami nilirudi Kitale nikiendesha bila kuona barabara.

Lakini leo nimelala kidogo, kichwa kimetulia. Ng'ombe wote! Kuna mzungu upande wa Endebess anauza lori. Nimeuliza. Ati klachi yake ni nzito kidogo, basi, kitu cha kukaza tu. Nikiwauza wale ng'ombe, lori ni langu. Nikiingia Misikhu na lori zima, Edah atakataaje kurudi?