Mkaguzi wa Paa la Bi Zenaida

Watu wengine wakiona foleni hununa. Fermín Oquendo akiona foleni, viganja humwasha.

Ile ya idara ya majengo ya jiji la Hialeah ilikuwa imetoka mlangoni, ikapita mashine ya soda na kuishia juani, na kila aliyesimama humo alikuwa na michoro kwapani na hasira kifuani. Huyu anangoja mchoro wa jiko lake upitiwe, yule anangoja mkaguzi wa jiji aje kutazama choo chake, naye mkaguzi haonekani. Fermín, ambaye alikuwa amekuja kuuza miwani ya jua isiyozuia jua, akasogea na kutega sikio. Ndipo mzee mmoja akawaambia wenzake kwamba sheria ya Florida haimlazimishi mtu kulingoja jiji. Unaweza kumlipa mkaguzi binafsi, mhandisi mwenye leseni yake. Anapitia michoro, anakagua kazi, anatia sahihi, na jiji linaipokea.

"Binafsi?" Fermín akauliza, akiivua miwani yake.

"Binafsi kabisa, kaka. Leo unampigia simu, kesho yuko kwako."

Fermín hakuwa mhandisi. Hakuwa na leseni hata ya kuvua samaki. Lakini alikuwa na sauti ya mtu aliyekwishakubali kabla hujamwomba, na kwa kazi aliyoizoea, sauti hiyo ilitosha kuliko vyeti vyote vya chuo. Jua halijazama akawa ameshanunua helmeti nyeupe na kizibao cha rangi ya machungwa, na duka la kuchonga vikombe vya mashindano likamtengenezea muhuri: Oquendo na Wenzake, Wakaguzi. Wenzake hawakuwepo, ila wateja wanapenda kampuni.

Biashara ikashika moto. Alimgongea muhuri mwenye nyumba aliyegawa gereji moja kuwa vyumba vya kupangisha wapangaji watatu, mmoja wao akilala palipokuwa pa mashine ya kufulia. Alimgongea mwenye mgahawa ambaye mlango wake wa dharura ulifungukia ukutani. Watu hawa hawakutafuta mkaguzi; walitafuta kipofu mwenye muhuri, na Fermín kwa bei nzuri alifumba macho yote mawili. Jiji likiwarudishia makaratasi baadaye, shauri yao. Kuwaibia wenye tamaa, alisema, ni aina ya sadaka.

Asubuhi moja, amesimama kwenye dirisha la kuuzia kahawa na kikombe chake kidogo, akamsikia mama mmoja mnene mwenye rola za nywele kichwani akilia kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Ijumaa kibali changu kinakufa! Kikifa kabla paa halijakaguliwa, jiji linanibomolea chumba! Dada yangu Hortensia anakuja kutoka Camagüey, Cuba, nimlaze wapi, juu ya jiko? Pesa ninayo, mkaguzi ndiye sina!"

Katika maneno hayo yote Fermín alisikia mawili tu: pesa ninayo. Akafuta makombo ya keki ya mapera mdomoni, akavaa helmeti.

"Mama, futa machozi. Mungu hamtupi mja wake. Oquendo, mkaguzi binafsi, michoro na majengo."

"Wewe ni mkaguzi?" Bi Zenaida Quesada akamtazama juu hadi chini. "Ee Bikira wa Caridad, kumbe unasikia!"

Kabla hawajafika nyumbani kwake alikuwa amekwishampa bahasha nene ya malipo ya kwanza. Fermín aliisukumiza mfukoni mwa kizibao kwa aibu ya kujifanya, kama bibi harusi anayekataa keki. Alikuwa anapanga kugonga muhuri, kunywa kahawa ya pili na kula kona.

Chumba kilisimama nyuma ya nyumba. Kuta zilikuwa tayari na kenchi za mbao zimepandishwa, ila juu kulikuwa wazi. Fermín alizunguka akigongagonga ukuta kwa kidole na kuguna kitaalamu.

"Safi. Imepita."

"Hujapanda juu, mwanangu."

"Naona vizuri kutoka hapa, mama."

"Mkaguzi anayekaa chini anakagua nini, viatu vyake? Panda. Ngazi hiyo hapo. Na hicho kizibao nipe, utaungua na joto, nikutundikie ndani."

Mtu mwenye akili zake angeshtuka hapo. Lakini tapeli akishaamini kwamba amepata mjinga, yeye ndiye anayekuwa kipofu. Fermín akavua kizibao, bahasha na yote, akapanda, akakaa juu ya boriti kama kuku, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba anafikiri. Alipogeuka kushuka, ngazi haikuwepo. Mahali pake alilala mbwa mkubwa wa kahawia aitwaye Coronel, ambaye alimwangalia miguu kwa makini.

"Mama Zenaida, ngazi!"

"Namba ya leseni yako ngapi, mwanangu?"

Mahali fulani jogoo wa jirani aliwika kwa dharau.

"Basi nikukumbushe," Bi Zenaida akasema, akivuta kiti cha plastiki na kukaa. "Anayejifanya mkaguzi hapa Florida anafungwa. Simu yangu hii hapa. Na upande wako kuna ndoo yenye kamba. Vuta."

Fermín akavuta. Ndani ya ndoo mlikuwa na nyundo, misumari, na rundo la mikanda ya chuma, ile inayofunga kenchi kwenye ukuta ili kimbunga kikija kisiondoke na paa.

"Haiwezekani!" akasema kwa heshima iliyoumizwa. "Mimi ni mkaguzi! Sheria iko wazi: aliyetia mkono wake kwenye kazi haruhusiwi kuikagua. Nikipiga msumari hata mmoja, nimejiondolea sifa!"

"Maneno ya dhahabu," akasema Bi Zenaida. "Basi piga. Mkaguzi mwingine nitamtafuta."

Bingwa wa kumwaga sera alikuwa ameingizwa mjini mchana kweupe, tena kwa sheria aliyoitaja kwa kinywa chake mwenyewe. Alipiga. Alipiga kidole, alipiga boriti, na hatimaye alipiga msumari. Bi Zenaida alimwelekeza kutoka kitini: mkanda ukumbatie mbao, kila tundu lipate msumari, hapana, ng'oa hiyo. Mchana ndoo ilipanda na wali wa maharage meusi, kipande cha nguruwe na ndizi za kukaanga. Fermín alikula kwa hasira, halafu akaomba tena.

Ni wakati wa kula ndipo alipotazama chini kupitia kenchi. Chumbani, katikati ya sakafu ya zege, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa na kufunikwa nailoni kisinyeshewe. Juu ya nailoni pamewekwa jozi ya ndala mpya za kike.

"Mmeachana lini na dada yako?" akauliza.

"Nilikuwa bado na nywele nyeusi," Bi Zenaida akajibu, na safari hii sauti yake haikuvuka barabara. "Maliza kula."

Alimaliza kula, akamaliza na kazi, ila tabia ni ngozi. Kwenye kona ya mwisho, nyuma ya mparachichi, ambako nani angeangalia, alibandika mkanda kwa msumari mmoja na kuyaacha matundu mengine wazi.

Alasiri akaja mwanamke aliyevaa buti, leseni yake ikining'inia shingoni: mhandisi Yusimí Carbonell, mkaguzi binafsi wa kweli. Ngazi ikarudi. Fermín akashuka, mhandisi akapanda, akapita kenchi moja baada ya nyingine, akisema "sawa", "sawa", na kila "sawa" ilimfurahisha Fermín kwa namna iliyomtia wasiwasi. Kisha akafika nyuma ya mparachichi. Akauvuta mkanda kwa kidole, ukang'oka.

"Hii kafanya nani?"

Bi Zenaida hakumtazama Fermín. Alikalia kile kiti chake cha plastiki.

"Mhandisi, kibali kinakufa kesho."

"Najua, mama. Na siwezi kusaini paa linaloruka. Kesho nina nyumba za kukagua Opa-locka tangu asubuhi. Nitakunywa kahawa yako hapa. Kahawa ikiisha, naondoka."

Bi Zenaida akaingia ndani, akatoka na kahawa, na kizibao. Akampa Fermín kizibao chake, bahasha ikiwa bado imetuna mfukoni. Akamshika Coronel ukosi na kufungua geti.

"Nenda, mwanangu. Nimekushikilia siku nzima, inatosha."

Barabara ilikuwa pale, nyeupe kwa jua. Fermín Oquendo alikuwa amekimbia milango mingi migumu kuliko geti hilo. Alifika getini. Alipapasa bahasha. Alijitukana kwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa, akarudi mbio, akapanda ngazi na misumari mdomoni. Mhandisi alikuwa anafuta povu la mwisho la sukari kwenye kikombe wakati nyundo iliponyamaza.

Mhandisi alipanda. Akavuta. Akaning'inia kwa uzito wake wote, buti zikielea hewani, na mkanda haukutikisika.

"Imepita," akasema, na akasaini.

Fermín alilazimika kugeukia mparachichi, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa maji na hakuwa amekusudia.

Jioni meza iliwekwa uani. Wakaja wanaume wawili, Ovidio na Rigoberto, kila mmoja ameshika helmeti nyeupe mkononi. Fermín akazitazama helmeti zao, wao wakaitazama yake.

"Wewe paa?" Ovidio akauliza. "Mimi msingi. Nilimwaga zege hili lote na Coronel amekaa kwenye troli."

"Mimi kuta na kenchi," akasema Rigoberto. "Alikulilia pale kwenye dirisha la kahawa?"

Fermín akachana bahasha. Ndani yake mlikuwa na matangazo ya duka la nyama, yamekatwa vizuri kwa ukubwa wa noti. Wote walimtazama kuona atafanya nini. Akacheka mpaka akashika mbavu, na Bi Zenaida, akicheka naye, akamwongezea nguruwe.

"Sasa, wanangu," akasema mama huyo, akilamba kijiko, "umebaki ukaguzi wa mabomba, na bafu la Hortensia halina hata bomba moja. Kesho inabidi nirudi kulia kwenye dirisha la kahawa."

Fermín akaweka uma chini. Akaifuta midomo yake taratibu, na sauti ya mtu aliyekwishakubali ikamrudia.

"Mama, usijisumbue kulia," akasema, akitoa simu. "Nina binamu yangu, naye hupenda bahasha nene."