Saa Mbili Baada ya Tonge la Kwanza

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimekutwa tena. Kochi la mwalimu mkuu, lile la watu watatu, nilimaliza kulivisha kitambaa kipya saa sita mchana. Nikala. Nikalikalia kidogo kupima sponji, jambo ambalo fundi yeyote makini hulifanya. Kuzinduka, saa tisa na nusu, mwalimu mkuu mwenyewe kasimama mbele yangu na mkoba kwapani. Akauliza kama kochi linauzwa pamoja na mtu wake.

Shemeji alicheka mpaka akadondosha misumari. Huyu ni kaka wa mke wangu, tunashirikiana karakana. Hula sahani kama yangu, mlima kwa mlima, na hasinzii. Sijui kaumbwaje.

Kufika jioni habari imeshafika kwa dada yake. Mke wangu hakucheka. Alisema baba yao mdogo alianza hivihivi, akila tu macho yanafumba, kumbe sukari. Keshokutwa napimwa. Na sukari ikionekana, kuanzia siku hiyo chakula changu atapakua yeye, kwa kijiko cha chai ikibidi. Nilimjulisha kuwa siumwi. Akasema vizuri, basi kipimo hakitakuudhi.

Namkumbuka huyo baba mdogo. Mwishoni alikuwa ananunua viatu viwili na kuvaa kimoja.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeamua kuuchunguza mwili wangu mwenyewe. Nimekula wali na maharage nikiwa na saa na daftari.

Dakika ya tano: kimya. Ya kumi: joto tumboni, kama kuna mtu kawasha jiko humo. Ya kumi na tano: mbweu mbili, ya pili ya kujivunia. Ya ishirini: nimelegeza mkanda tundu moja. Ya thelathini: miguu haina habari na mimi. Ya arobaini: hakuna maandishi, kuna mstari tu unaoteremka hadi ukingoni mwa karatasi.

Mke wangu kaleta maelekezo kutoka zahanati. Ule chakula chako cha kawaida, uhesabu saa mbili tangu tonge la kwanza, uje upimwe. Sukari isizidi saba nukta nane. Nimeisoma karatasi mara tatu nikitafuta upenyo. Upo. Tonge la kwanza limetajwa. La pili halikutajwa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mke wangu alileta wali na maharage karakana mwenyewe, akakaa kunitazama. Nikala tonge moja kwa madaha. Shemeji akamwita dada yake akaone kitambaa cha maua, naye akageuka. Sekunde nane zilinitosha. Mlima wote ukaingia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ukaingia ndani ya mto wa kochi la mwalimu mkuu, ambalo bado lilingoja kupelekwa kwake, zipu ikafungwa. Ufundi si mchezo.

Saa mbili zilikuwa ndefu. Zahanati tulifika kwa wakati. Muuguzi, mama mnene asiye na haraka, akanichoma kidole. Nne nukta moja. Nilikuwa tayari nimenyanyuka nishangilie.

Akauliza nimekula nini. Sahani nzima, nikasema, tena ya kufurika. Hapo tumbo likanguruma. Si kidogo, mgonjwa mwingine aligeuka kuangalia mlangoni. Mke wangu akalitazama tumbo kama mtu anayemsikiliza shahidi mwaminifu.

Muuguzi akasema haya baba, kesho utakula hapahapa, mbele yangu.

Kurudi karakana, kochi halipo. Shemeji, kwa bidii yake isiyoombwa, amelipeleka kwa mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Asubuhi mwalimu mkuu alirudisha kochi. Mgeni wake alikalia maharage. Nimeahidi kuosha, kubadili sponji na kutomweleza mtu. Shemeji keshaeleza mtaa mzima.

Saa sita, zahanati. Nikala sahani yangu ya kila siku kwenye benchi, muuguzi upande huu, mke wangu upande ule. Sijawahi kula kwa ulinzi kiasi hicho. Kisha kungoja. Safari hii sikuwa na hila hata moja, na nikagundua bila hila ninaogopa sana. Hofu ilidumu dakika arobaini. Baadaye nimeambiwa nilikoroma begani mwa mke wangu hadi wagonjwa wengine wakanionea huruma, wakataka nipishwe foleni.

Sita nukta nne.

Muuguzi akasema sukari huna, baba. Ulicho nacho ni sahani kubwa. Mtu akishindilia wali hivyo, tumbo hupata kazi nzito, mwili unalegea, na mchana wenyewe una usingizi wake. Halafu wewe unakwenda kukalia kochi! Punguza wali nusu, ongeza mboga, ukimaliza tembea kidogo.

Mke wangu alishusha pumzi ndefu. Kumbe muda wote alikuwa kashika mkono wa shati langu. Umekunjamana hadi sasa. Njiani alifuta macho, akasema vumbi. Nikasema vumbi la leo kali. Hapakuwa na vumbi. Tulikwenda polepole, wala hakuna aliyetaka kuwahi nyumbani.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimepona ugonjwa ambao sikuwa nao, na jambo hilo lazima lisherehekewe. Sahani mbili. Nimetembea pia kama nilivyoagizwa, kutoka mezani hadi kwenye kochi. Nimeamka saa kumi, mwili mwepesi, roho nyeupe.

Hapo ndipo nilipomfikiria shemeji. Mimi nimepimwa, niko salama, na nikila nasinzia. Kwa hiyo kusinzia ni afya. Yeye anakula mlima uleule, halafu anagonga misumari kama hakuna kilichotokea. Masikini, na wala hajui.

Nimepita zahanati kumwandikisha, Jumatatu saa nane. Muuguzi alinitazama kwa muda mrefu, nadhani kwa kuguswa na upendo wangu. Shemeji nitamwambia siku ileile, na sahani yake nitapakua mimi.