Mama Mkwe Wangu Hakuja Darasani

Leo nimeaibika, tena kwa kipaza sauti.

Kwa wale wasionifahamu vizuri, mimi ni mtu wa kompyuta katika ofisi moja ya jimbo hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni kuunganisha. Watu wa elimu wana kompyuta yao yenye majina ya wanafunzi. Watu wa ajira wana yao, yenye majina ya wanaotafuta kazi. Vituo vya ufundi navyo vina ya kwao. Kompyuta hizo tatu zilikuwa hazisalimiani, kama majirani waliogombania ukuta. Tukaambiwa tuzikalishe pamoja, ili mtoto afuatwe tangu darasa la kwanza mpaka siku atakayopata kazi. Wazo zuri kabisa. Kosa lao ni kunipa mimi.

Ili kompyuta ijue kwamba Ngoie wa shule na Ngoie wa ajira ni mtu mmoja, inapaswa kulinganisha majina na tarehe ya kuzaliwa. Sasa, tarehe za kuzaliwa za kwetu mnazijua. Nyingine hazipo, na zilizopo zinasema nusu ya mji ilizaliwa tarehe mosi Januari. Nikaamua kwamba tarehe tuachane nazo, majina yanatosha. Mtu ana majina mawili mazima, mnataka nini tena?

Mwenzangu Espérance, tunayekaa naye meza moja, akaniuliza, "Na majina ya bankambo, utafanya namna gani?"

Maana huku mtoto anarithishwa jina la babu au bibi, lote, bila kupunguza hata herufi. Nikamjibu kwamba kesi kama hizo ni chache. (Binti yangu mwenyewe amepewa jina la bibi yake. Halikunijia kichwani. Nina diploma.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonyesha. Mkurugenzi kutoka Kinshasa ametua uwanja wa ndege wa Luano asubuhi na kuletwa moja kwa moja ukumbini. Akiridhika, mfumo unaenda jimbo lote, na mimi nakuwa mkuu wa mradi. Nilivaa koti. Katika joto hili, koti.

Nilikuwa na mpango wa kumshangaza mgeni. Mfumo wetu, mtoto asipofika shuleni, unatuma mesaji kwenye simu ya mzazi. Mimi nikaunganisha simu yangu na bafle mbili kubwa za ukumbini, zile spika za sherehe, ili mlio wa mesaji usikike mpaka nyuma. Simu nikaiweka mezani, mbele ya mkurugenzi kabisa. Na nani wa kujaribia? Binti yangu, Ngoie Kabamba, yuko darasa la pili. Asubuhi nilimfikisha mwenyewe getini. Nitabonyeza kwamba hayupo, simu yangu italia, watu watapiga makofi.

Nikaeleza yote hayo kwa Kifaransa kizuri. Nikabonyeza.

Kimya.

"Ni réseau," nikasema, nikiusingizia mtandao. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza na tabasamu, nikabonyeza bila tabasamu. Mkurugenzi akatazama simu yangu, kisha akanitazama mimi. Espérance alikuwa ameshaanza kutazama sakafu.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema, "Basi tuone upande wa ajira," nikafungua ukurasa wa binti yangu kwenye ukuta mweupe, kwa herufi kubwa, ukumbi mzima uone. Ngoie Kabamba. Mwanafunzi, darasa la pili. Uzoefu wa kazi: mwalimu, miaka thelathini na kitu. Hali: amestaafu. Anatafuta kazi ya kufundisha watu wazima kusoma.

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Hakikuwa kikohozi.

Nilipaswa kuzima mashine. Badala yake, kwa haraka, kidole kikagusa kitufe cha "pendekeza mafunzo".

Hapo simu yangu ikaita. Haikuwa mesaji, ilikuwa simu yenyewe. Na kwa kuwa nilikuwa nimeiunganisha kwa ustadi mkubwa, ikajipokea. Bafle zote mbili zikafunguka kwa sauti ya mama mkwe wangu, mama wa mke wangu, akiwa kwake mtaa wa Hewa Bora.

"Bamukwe, jambo yenu."

Bamukwe ndiye mimi, mkwe wake, na hapa niwakumbushe jambo moja. Mama mkwe ni mtu ninayemsalimia nikiwa nimetazama pembeni. Hatukai kiti kimoja. Sijawahi kutafuna mbele yake. Kumkatia simu ni jambo ambalo hata mashetani wa Katanga hawalifanyi.

"Jambo, mama," nikasema. Sauti yangu ikanirudia kutoka ukutani. "Mama, niko mu réunion."

"Sitakawisha. Nilikuwa natwanga majani ya sombe. Simu inalia, inalia. Banasema leo sikukuya ku masomo."

Ukumbi ukaanza kutikisika mabega.

"Mama, ile ni..."

"Ngojea, bamukwe, sijamaliza. Mesaji iko mingi. Yote inasema ile moya tu, Ngoie Kabamba hakukuya, akuje kesho na muzazi wake. Sasa miye muzazi nitamutosha wapi? Mama yangu munajua iko ku kaburi."

Nikaanza kutembea kuelekea simu. Ukumbi ule ni mrefu. Sikujua.

"Na hii ya mwisho, inaingia sasa hivi. Banasema nikuje kujifunza kusoudé, kuunga vyuma na moto, nikuje na bottes mu miguu. Na haya magoti yangu, bamukwe?"

Mkurugenzi alikuwa amefunika uso kwa kitambaa. Nilidhani analia, nikaona huruma. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Mama," nikasema, "munisamehe. Ni machine njo inakosea."

"Machine haina vidole. Ni nani alibonyeza?"

Mkurugenzi, ambaye kumbe ni mzaliwa wa Likasi na Kiswahili anakijua kuliko nilivyoombea, akainama kwenye simu yangu, akasema kwa adabu nyingi, "Mama, ni bamukwe wenu."

Mama mkwe akasema, "Ah," neno hilo moja tu, akakata. Katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kutukanwa kwa ukamilifu namna ile.

Mkurugenzi alijipangusa macho akatoa uamuzi palepale. Mfumo hauendi popote. Tarehe za kuzaliwa zirudishwe, na zile zisizokuwepo zikatafutwe kwa wenyewe. Mkuu wa mradi ni Espérance. Mimi naanzia kazi commune Annexe, pembezoni mwa mji, nyumba kwa nyumba, kuuliza watu walizaliwa lini na ni majina ya nani. Akanishika bega. "Koti utaliacha nyumbani," akasema.

Mchana nikampigia mama mkwe kuomba radhi. Nilitarajia kugombezwa. Lakini akasema polepole, "Bamukwe, sikukasirika juu ya masomo. Nilivyoona jina ya ofisi ya kazi mu simu, nikanawa mikono mbio. Niliwaza bananiita ku ile kazi ya kufundisha bamama. Njo ile tu."

Jina lake limekaa katika kompyuta ya ajira, pamoja na namba yake ya simu, tangu astaafu, hakuna aliyewahi kulitazama, na siku nilipolitazama mimi nikampeleka darasa la pili. Nikamwomba Espérance, kama mkuu wa mradi, alitenganishe jina la mama na la mtoto leo hii, kabla ya mengine yote, kisha aende mwenyewe kwa watu wa ajira na kuwauliza. Ameshalitenganisha. Watu wa ajira wamesema watampigia. Namba ya mama amewaandikia yeye, mimi sikuruhusiwa kugusa.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa na habari yote. Mama yake alishawasomea mesaji zile majirani, na kutoka hapo zikafika kanisani. Nimeona bora niwaandikie mwenyewe, kabla hamjaletewa ile ya kanisani ambayo ndani yake mimi nimefukuzwa na kulia.

Ninawaomba kwa upole, kama watu wazima wenye wakwe, asiwepo wa kucheka. Naongeza mstari huu: wa kwanza ameshaweka alama ya kicheko. Ni mke wangu. Yuko hapo jikoni, na tangu nifike hatusemezani.