Mgeni wa Printa

Jumatatu, 4 Agosti

Hili sijamwambia mtu. Hakuna mdukuzi. Zile picha za kuku zilizotapikwa na printa ya ofisi jana, ukurasa baada ya ukurasa, mama akiwa anapiga pasi, nilizituma mimi. Kitandani. Kwa simu ya zamani ya baba, aliyoniachia.

Mpango ulikuwa mwepesi. Ofisi ya mama ya kutafsiri iko chumba cha mbele cha nyumba yetu. Printa na seva yake, lile boksi jeusi chini ya meza, aliviunganisha baba kabla hajahamia kwenye chumba cha kupanga, ng'ambo ya mji. Mtandao ukiingiliwa, mama ataogopa. Akiogopa, atampigia baba. Baba akishakuja, basi.

Mama hakuogopa. Aliwatazama wale kuku, akaniambia, "Si wewe unasoma kompyuta shuleni? Haya, weka ulinzi." Akaondoka akiburuta kandambili za baba. Anasema zake zimekatika. Zake ziko chini ya kitanda, nzima.

Binamu yangu, anayechapa kazi za ofisi, sasa ananiita Injinia. Si kwa heshima.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeweka ulinzi. Nenosiri la seva lilikuwa 1234. Nimelibadili. Kisha nikafunga kila njia nisiyoijua kazi yake. Nyingi sikuzijua.

Kabla ya chai nikagundua nimefunga milango yote na mimi mwenyewe niko nje. Printa ikakataa kila mtu. Kwenye benchi, mteja anasubiri tafsiri ya cheti chake cha ndoa. Binamu akauliza, kwa sauti ya kumfikia jirani, kama Injinia ameridhika au bado kuna taa ya kuzima.

Mama alishika simu muda mrefu kabla ya kubonyeza. Nikamsikia, "Ni mimi. Hapana, wote wazima. Ni printa."

Ni printa. Sijawahi kuipenda mashine hivi.

Jumatano, 6 Agosti

Baba amekuja. Alipiga hodi kwenye mlango aliopaka rangi mwenyewe. Mama akamkaribisha kama anavyokaribisha wateja.

Akafungua seva, akaniuliza nani alinifundisha kufunga hivi. Nikasema hakuna. Akasema inaonekana. Tukapanga upya, pamoja, magoti chini ya meza. Kila ukurasa, alisema, sasa utaandikwa chini jina la kifaa kilichoutuma, ili siku nyingine mwenye kuku ajulikane. Masikio yangu yaliwaka moto.

Tukaja kwenye makundi. Wa nyumbani wanachapa watakavyo. Wageni wana mipaka. Baba akasema, "Mimi niweke kwa wageni, mwanangu."

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Anaishi kwa kusahihisha maneno ya watu. Hilo hakulisahihisha.

Baba alipokwenda kunawa mikono, nikaongeza kitu changu. Mgeni amepewa siku mbili. Zikiisha, printa itatoa ukurasa mmoja tu: MGENI SIKU MBILI, SIKU YA TATU MPE JEMBE. Nimecheka peke yangu. Maana siku ya tatu mtu si mgeni tena. Anashika jembe na wenzake, amekuwa wa nyumbani. Baba ataelewa. Naye ni mtafsiri.

Alhamisi, 7 Agosti

Amerudi. Eti kuhakikisha. Akabaki mpaka jioni kumsaidia mama kazi iliyochelewa. Wamebishana juu ya neno moja mpaka chai ikapoa, ubishi ule wa zamani, wa raha. Mama amemwita Baba Injinia. Hata Binamu alicheka. Kupitia ukuta wa chumba changu nimesikia vicheko viwili kwa mpigo, nikauma mto.

Ijumaa, 8 Agosti

Siwezi kuandika vizuri.

Baba alibonyeza kuchapa. Ukatoka ule ukurasa. Akausoma. Akausoma tena. Akauweka mbele ya mama taratibu, kama sahani ya moto. Akasema ujumbe umefika, angeambiwa tu kwa mdomo.

Mama akasoma. "Anayeshinda na hiyo seva ni wewe. Kama umechoka kuja, sema. Usinizungukie na methali."

Watafsiri wawili. Methali moja. Tena ya lugha yao wenyewe.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilitaka kusema ni mimi, na jembe ni jambo zuri. Lakini nikishikwa na aibu lugha zangu zote mbili hutoroka pamoja. Nikakohoa. Baba akaniuliza kama nina mafua, akaniambia nivae sweta.

Mlangoni, akifunga kamba za viatu, aliziona kandambili zake miguuni mwa mama. Hakuuliza. Mama hakuvua.

Chai ya baba ilibaki nusu. Hakuna aliyeimwaga.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyumba imenuna. Mama anafuta meza iliyo safi. Binamu hajaniita Injinia tangu asubuhi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimefikiri sana. Nimegundua kosa lilipo. Kosa ni kuku. Nani anaogopa kuku?

Kwa hiyo sasa hivi nimetuma chui. Wengi, wenye meno. Naisikia printa ukutani ikihema. Safari hii mama ataogopa kweli, atashika simu, na baba akija simweki kwa wageni.

Printa imenyamaza.

Kuna kitu baba alisema kuhusu chini ya ukurasa. Jina la kifaa.

Hii simu ilikuwa yake. Sikuwahi kuibadili jina. Chini ya kila chui imeandikwa: Simu ya Baba.

Hatua zinakuja ukumbini. Kandambili kubwa, zinaburutwa. Kwa nukta moja nimesahau ni nani anayezivaa siku hizi, na moyo wangu umeruka kumlaki.

Zimesimama mlangoni. Naficha daftari chini ya m